Miezi Minne Ndani ya Kofia

Hapo zamani, wakati ule ambapo kila mji wenye kisima na msikiti ulikuwa na sultani wake, palikuwa na mshona kofia katika mji wa Makundeni, jina lake Mshamu bin Dadi, ambaye asubuhi ya Idi, mfunguo mosi, alimchoma Sultani kwa sindano mbele ya wageni wa miji saba. Hakukusudia. Mshamu hakuwahi kukusudia jambo likatokea. Yaliyomtokea yote yalitokea yenyewe, naye akayakuta yamekwisha kuwa.

Ilikuwa hivi. Mshamu alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo la kutosha na nywele za kuhesabika, na ujanani alizunguka dunia. Alifika Bara Hindi, akafika Maskati, akafika Ngazija mara mbili, mara ya pili kwa kupotea njia. Wenzake walirudi safarini na majoho na masanduku. Yeye alirudi na ugonjwa wa tumbo, nyimbo tatu zisizoimbika mbele ya wakwe, na ufundi wa kushona kofia aliofundishwa na mzee mmoja wa Kingazija aliyemhurumia. Basi akaamini kwamba yeye ni fundi. Kisha akamwoa Bi Somoe, ambaye alishika sindano kabla hajaota meno ya pili, na wiki ya kwanza ya ndoa ndipo Mshamu alipojua kwamba hajui kushona.

Kofia za Makundeni hazikuwa za kushona leo ukavaa kesho. Fundi hukata kitambaa cheupe tabaka mbili, akachora maua kwa kalamu, kisha hutoboa kitundu kidogo kama punje ya mtama, akakizungushia uzi mara saba au nane mpaka kikakaa kama jicho. Kisha kingine, na kingine, hata vitundu elfu na zaidi. Kofia ikiisha ukaiinua juani, mwanga hupenya kwenye vitundu vile na maua yote huonekana ukutani, yamechorwa kwa jua. Mtu aliyeona hivyo mara moja kwa kazi ya mkono wake mwenyewe, huyo humwachishi tena kushona.

Naye Bi Somoe akipewa kofia aikague, upande wa juu hakuutazama kabisa. Aliipindua ndani nje, maana juu, alisema, kila mtu anajua kudanganya. Kwa ndani ndiko fundi anakoonekana. Akikuta fundo la uvivu au uzi ulioruka, hakuwa na maneno mengi. Alisema tu: "Fumua."

Asubuhi ile ya Idi Mshamu alimpelekea kofia yake mpya, aliyoishona miezi minne ili na yeye siku moja apendeze. Bi Somoe akaipindua, akapitisha kidole gumba, akasimama upande wa kisogoni.

"Vitundu vitatu hivi," akasema. "Fumua."

"Mamake Mize, leo Idi! Nani atanitazama kisogoni?"

"Malaika."

Basi Mshamu akakaa kizingitini akafumua, akaanza kushona upya, na kitundu cha kwanza hakijaisha, baragumu la siwa likalia kuwaita watu kwa Sultani. Akashtuka, akaibandika kofia kichwani, akakimbia. Na sindano, pamoja na uzi wake mrefu, ikabaki imechomekwa juu ya kofia imesimama wima.

Ilikuwa desturi ya Makundeni kwamba siku ya Idi raia hupita mmoja mmoja, akainama, na Sultani akamwekea kiganja kichwani kumtakia heri. Zamu ya Mshamu ikafika. Akainama. Kiganja kikashuka.

"Mama weee!" akapiga kelele Sultani, sauti nyembamba ambayo wageni wa miji saba hawakuitarajia kutoka katika kifua kipana vile.

Akarusha mkono juu. Na kwa kuwa uzi ulikuwa umejizungusha kwenye pete yake, kofia nayo ikaruka, ikamtoka Mshamu kichwani, ikaning'inia mkononi mwa Sultani ikizunguka kama samaki aliyenaswa. Sultani akaukung'uta mkono. Kofia ikampiga Waziri Kitwana puani. Akaukung'uta tena, ikampiga tena.

Hapo mtu mwenye akili zake angeanguka kifudifudi akaomba radhi. Mshamu, upara wake unang'aa juani, alinyoosha mikono yote miwili akasema, "Taratibu, bwana wangu! Usivute hivyo, uzi utakatika!"

Wanaume wote wakatazama chini, mabega yanawatikisika. Lakini nyuma ya pazia la wanawake mtu mmoja akashindwa kujizuia, na kicheko kikatoka kama maji yanayovunja kingo.

Sasa, huyu Sultani Shehali hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa haraka. Alikula haraka, alioa haraka, alikasirika haraka. Mwaka ule alitaka handaki lizungushwe jumba lake, nalo halichimbiki. Akashusha pumzi, akaukunjua uzi kwenye pete, akasema:

"Ewe Mshamu, umekuja kuniua?"

"Hasha, bwana wangu. Nimekuja kwa ajili ya pilau."

"Na hiki ni nini?"

"Ni kofia, bwana wangu. Imebakia vitundu vitatu."

"Umeishona muda gani?"

"Miezi minne."

Sultani akaiweka kwenye kiganja kile kisichouma, akaipandisha na kuishusha. "Miezi minne! Babu yangu kwa miezi minne aliteka miji miwili. Wewe umetoa kitu hiki, chepesi kuliko chapati? Waziri, shika. Waiona miezi minne humo?"

Waziri Kitwana, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali, akaipindua, akainusa, akasema kwa sauti ya puani, maana pua ilikuwa imevimba, "Siioni hata wiki, bwana wangu."

"Sasa nimefahamu!" akanena Sultani. "Nikipiga ngoma ya kazi, mji mzima unanijibu neno moja: Ngoja nimalize mstari. Wanaume wanashona kofia, wanawake wanasuka mikeka, vizee wanafuma vimia vya kufunikia maziwa, na mimi sultani nangoja mstari! Basi sikiliza, Mshamu. Wasema miezi minne imo ndani ya kofia hii. Itoe. Itoe yote, niione kwa macho yangu mwenyewe, siku kwa siku, isipungue hata moja. Nakupa siku saba uje na jawabu. Ukishindwa, kila sindano ya mji huu, na kila kinachosuka na kinachofuma, kitatupwa katika kisima kikavu na kufukiwa. Wenyewe nitawapa majembe, na wewe utakuwa wa kwanza handakini. Nimeapa mbele ya wageni hawa."

"Nimesikia, bwana wangu," akasema Mshamu. Kisha akakohoa kidogo. "Na ile pilau?"

"Mtoeni!"

Ikawa habari ilifika nyumbani kabla yake. Mlangoni alimkuta Bi Kazija, jirani, mwanamke mzee aliyesuka mikeka ya nusu ya mji, amesimama na bunda lake la miyaa kichwani.

"We Mshamu," akasema, "hicho kichwa hakina kazi nyingine ila kubebea sindano?"

"Bibi, kichwa hiki hata nywele kimeshindwa kubeba."

Mshamu alidhani atacheka. Hakucheka. Alilitua bunda chini, akakaa juu ya kizingiti kwa kujikamata kiuno.

"Magoti yangu yamekwisha, mwanangu. Macho yanakwisha. Mume wangu nimemzika. Kilichobaki ni vidole hivi. Asubuhi nikikaa barazani na wenzangu, kila mtu na ukili wake, ukanda unarefuka mkononi, huyu anasema hili, yule anacheka lile, basi najua kwamba bado nimo duniani. Na jioni naona nimefanya kitu, kipo, kinashikika. Sasa kwa sindano yako moja nakwenda kunyang'anywa hata hilo?"

Mshamu alikuwa na mzaha kwa kila jambo chini ya jua. Alifanyia mzaha tufani ya Maskati na mazishi yake mwenyewe yaliyokuwa bado. Kwa hili akautafuta mzaha asiuone. Akachukua bunda la miyaa, akamsindikiza mzee wa watu mpaka kwake.

Siku ya kwanza akawaza. Ya pili akawaza. Siku ya tatu akaiweka kofia ndani ya bakuli la maji usiku kucha, labda miezi itavimba itoke. Asubuhi kofia ilikuwa imerowa. Siku ya nne aliikung'uta juu ya mkeka mweupe, akapata chembe mbili za wali za mwaka gani hajui. Watu wakaanza kumpita bila salamu. Mvuvi mmoja, ambaye aliyafuma mwenyewe majarife yake na kuyajua kama watoto wake, akamwambia, "Handakini tutakuwa pamoja, fundi. Mimi nitakuwa nyuma yako na jembe. Mkono wangu una tabia ya kuteleza."

Siku ya sita alasiri Mshamu akaketi mbele ya mkewe kama mtu aliyeshtakiwa. Bi Somoe alikuwa anashona. Hakuinua uso.

"Umechoka?" akauliza.

"Nimechoka."

"Lete lile kasha."

Akalileta. Bi Somoe akatoa kofia kuukuu iliyogeuka rangi ya maziwa, akaipindua ndani nje, akaiweka magotini.

"Hii nilikushonea ulipokwenda safari yako ya mwisho, tumekwisha oana. Ona hapa, uzi umebanwa mpaka kitambaa kimejikunja. Hapa nilikuwa na hasira nawe, uliaga kwa siku kumi ukakaa miezi. Hapa mwanetu Mize alizaliwa. Sikushika sindano siku arobaini, na niliporudi uzi ulikuwa wa bunda jingine, waona weupe wake? Mstari huu nilishona kando ya kitanda cha mama yangu mgonjwa. Tulicheka sana siku zile, hata sikumbuki tulicheka nini. Na hapa ndipo uliporudi."

"Mbona hapa pamekwenda upande?"

"Uliongea mno."

Mshamu akapitisha kidole pale palipobanwa, akakiacha hapo kitambo.

"Kwa hiyo miezi imo kweli," akasema.

"Imo. Ulidhani ilikwenda wapi?"

"Na mtu akitaka kuitoa?"

"Itatoka kama ilivyoingia," akasema Bi Somoe, akikata uzi kwa meno. "Kitundu kwa kitundu."

Mshamu akamtazama mkewe. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, taratibu, likapanda mabegani, likatokea mdomoni kwa kicheko kilichomfanya Bi Kazija, nyumba ya pili, aseme: "Basi tena. Amerukwa."

Ikawa siku ya saba Mshamu akaingia barazani kwa Sultani. Kwapani ana mkeka, mkono mmoja mto, mkono mwingine birika la kahawa, na juu ya upara ile kofia isiyokwisha. Safari hii ameipapasa mara tatu njiani kuhakikisha sindano haimo. Wageni wa miji saba walikuwa bado wapo, maana hakuna mgeni aondokaye haraka mahali penye pilau. Akatandika mkeka mbele ya kiti cha Sultani, akaweka mto mgongoni, akavua kofia, akafumua kitundu kimoja cha mstari wa kwanza. Kisha akatoa kitambaa kipya cheupe, akavaa subana ya chuma kidoleni ili sindano isimchome, na uzi ule ule alioufumua akaanza kushonea kitundu kipya. Polepole. Anapiga miayo, anakunywa kahawa, anashona.

Sultani akangoja. Kisha akasema, "Miezi iko wapi?"

"Inatoka, bwana wangu. Hii ni Jumatatu ya kwanza, asubuhi. Haijafika hata saa tatu."

Waziri Kitwana akasogea mbele. "Bwana wangu, huyu anatudanganya! Ameambiwa atoe katika kofia, yeye anatia katika kitambaa!"

"Sheikh Waziri," akajibu Mshamu kwa upole, "siku ni kitu cha kumwagika. Nikifumua tu bila kuweka mahali, kofia yote itakwisha jioni hii, na bwana wangu ataniuliza: miezi minne imekuwaje siku moja? Nitasema nini? Basi nazitoa huku nazihifadhi huku, kwa mwendo ule ule zilioingilia, asije mtu akasema zimepungua."

Mgeni mmoja akatikisa kichwa akanong'ona kwamba hilo ni neno la haki. Sultani akamsikia.

"Basi toa haraka!"

"Nikiitoa haraka, bwana wangu, haitakuwa miezi minne. Itakuwa siku moja yenye haraka, na hiyo unayo tayari. Ila nakuomba jambo moja. Uliapa kuiona kwa macho yako mwenyewe, siku kwa siku. Tafadhali usitazame kando."

Sultani akawatazama wageni. Kiapo kilikuwa chake. Akakaa.

Dakika si nyingi akapiga chafya. Mshamu akafumua kitundu alichokuwa akishona.

"Unafanya nini?"

"Ulifumba macho, bwana wangu. Kipande hicho hakikuonwa na mtu."

Baada ya chakula cha mchana Sultani, ambaye alikula haraka na kusinzia haraka, alilala kitini. Alipozinduka alasiri akamkuta Mshamu anafumua kwa bidii.

"Ulikuwa umefika wapi?"

"Nilifika kitundu cha tisa, bwana wangu. Lakini uliondoka kwenye cha nne. Nimekurudishia vyote, tutaviona pamoja."

Siku ya kwanza Sultani alikasirika. Ya pili alichoka, akahesabu boriti za dari kwa jicho moja na kumtazama Mshamu kwa jingine. Siku ya tatu, kwa kukosa la kufanya, akauliza, "Hicho ni cha siku gani?"

"Hiki? Hiki ni siku mbuzi wa jirani alipokula nusu ya mchoro wangu, bwana wangu. Ukitazama vizuri, ua hili halina jani la kushoto. Jani la kushoto liko kwa mbuzi."

Sultani akacheka kabla hajakumbuka kwamba hataki.

Na kwa kuwa Sultani hakuweza kuondoka pale, wenye shida zao wakawa wanakuja pale pale. Wa kwanza alikuwa Bi Kazija, ambaye hajui kusema mikono ikiwa mitupu, basi alikuja na ukili wake akakaa ukingoni mwa mkeka. Wakafuata wengine. Wanawake wakasuka, mvuvi akaja na jarife lake akaziba matundu, kikongwe mmoja akafuma kimia chake bila hata kukitazama. Na mazungumzo yakaenda kama yaendavyo vidole vikiwa na kazi, yaani kweli tupu, maana mtu mwenye macho kwenye uzi husahau aliye mbele yake. Sultani akasikia kwamba kamba ya kisima kikubwa imekatika tangu kabla ya mfungo. Akasikia kwamba kadhi husinzia mashahidi wakianza tu kusema.

"Mbona sikuambiwa?" akauliza.

"Ulikuwa unapita mbio, mwanangu," akasema Bi Kazija, anasuka. "Tungekuambia mgongo?"

Siku ya nne Sultani akawa anainama kitini. Siku ya tano akashuka akaketi mkekani.

"Mshamu, hicho umekipeleka upande."

"Sivyo, bwana wangu, kimenyooka."

"Kimekwenda upande! Nina macho! Siku tano sijatazama kitu kingine! Lete hapa, wewe hujui kushona."

"Hata mke wangu husema hivyo," akasema Mshamu, akampa sindano, subana na kitambaa.

Kitundu cha kwanza cha Sultani kilikuwa kama jicho la samaki mgonjwa. Cha pili alijichoma, akasema "Mama weee!" kwa sauti ile ile nyembamba, lakini safari hii chinichini, na sindano hakuiachia. Cha tatu akakitazama kwa mbali, akakitazama kwa karibu. Kilikuwa duara. Si duara kamili, lakini mtu asiye na chuki angekiita duara. Sultani akatoboa cha nne. Chakula kikaletwa kikapoa kikaondolewa. Ncha ya ulimi ikamtoka pembeni mwa midomo kama mtoto anayejifunza kuandika, na lile kunjo la uso ambalo watu walidhani amezaliwa nalo likafunguka lenyewe.

Hapo Waziri Kitwana akaingia anahema.

"Bwana wangu! Mjumbe wa Sultani wa Kiwanga amefika! Yuko ukumbini na zawadi zake, anangoja!"

"Ngoja nimalize mstari," akasema Sultani.

Baraza yote ikanyamaza. Mikono ya Bi Kazija, isiyosimama hata kwa tetemeko, ikasimama. Mshamu akatazama ndani ya kikombe chake cha kahawa kana kwamba kuna mtu anazama humo.

Sultani akahisi ule ukimya. Akainua kichwa. Akaitazama sindano mkononi mwake, akamtazama Waziri, akawatazama watu, na neno lake mwenyewe likamrudia polepole. Uso ukamwiva. Kila mtu akashika pumzi. Kisha akacheka, akacheka mpaka subana ikamtoka kidoleni ikabingirika hadi miguuni pa wageni, na baraza nzima ikacheka naye.

"Ewe Mshamu," akasema alipoweza kusema, "zimetoka siku ngapi?"

"Tano, bwana wangu. Hii ya leo bado kidogo."

"Na zilizobaki?"

"Mia moja na kumi na kitu."

"Hizo usijisumbue nazo. Nimeapa kuziona kwa macho yangu, na nitaziona: nitazishona mwenyewe. Waziri, andika. Hakuna sindano itakayotupwa, wala ukili, wala kimia. Na kamba ya kisima isukwe leo." Akamgeukia Mshamu. "Nawe, ulinishika kwa kiapo changu mwenyewe, na sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivi. Omba utakalo."

Mshamu akajikuna upara. "Bwana wangu, siku ya Idi nilitolewa nje kabla ya pilau."

Basi akapikiwa pilau, sinia zima, na nyingine akapelekewa Bi Kazija. Ama lile handaki, liliachwa nusu. Mvua za vuli zikalijaza maji, na wanawake wa Makundeni wakaona ni mahali pazuri pa kulowekea miyaa yao ilainike kabla ya kusuka. Hakuna adui aliyekuja. Angekuja, angewakuta wana kazi.

Ikawa siku ya Maulidi, mfunguo sita, Sultani Shehali akatoka mbele ya watu wake amevaa kofia aliyoishona kwa mkono wake. Ilikuwa imelalia sikio la kushoto. Ua moja lilikuwa kubwa kama kisosi na jingine dogo kama kifungo, na alipoivua kitambo akaiinua juani, mwanga ulipenya ukaanguka ukutani kwa namna ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja. Waziri Kitwana akasema ni mwezi umeshuka. Wageni wakasema ni mwezi na nyota zake. Akaulizwa Mshamu.

"Bwana wangu," akasema Mshamu, "nimefika Bara Hindi, nimefika Maskati, nimefika Ngazija mara mbili. Sijaona ya pili yake."

Sultani akatabasamu, lakini hakuridhika. Akaagiza Bi Somoe aitwe kutoka nyuma ya pazia. Alipofika, Sultani akavua kofia, akampa kwa mikono miwili, akasimama mbele yake kama mwanafunzi wa chuoni.

Bi Somoe hakuitazama juu. Akaipindua ndani nje, akapitisha kidole gumba, taratibu, mstari kwa mstari. Njiwa wakasikika darini.

"Hapa ulikuwa na haraka," akasema.

"Ni siku ya mjumbe wa Kiwanga, mama."

"Na hapa ulikuwa na furaha."

"Siku nyingi nilikuwa na furaha, mama."

"Naona." Kidole kikaendelea, kikazunguka kofia yote, kikafika upande wa kisogoni. Kikasimama. Mshamu, aliyekijua kidole kile kwa miaka ishirini, akafumba macho.

"Bi Somoe," akasema Sultani, "hawa wote wananiogopa. Wewe niambie kweli. Nifanyeje?"

Bi Somoe akamrudishia kofia yake.

"Fumua."